Kupamba Maharusi: Chumo Lake ni Halali?

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad, na aali zake na sahaba zake.

Ama baadu. Darsa yetu ya mara hii imetokana na suala tuliloulizwa Nakuru. Mji huo uko bara, lakini si mgeni kwa watu wa pwani. Reli ilipofika huko mwaka 1900 watu wetu walikwenda nayo, wengine kwa kazi, wengine kwa biashara, na mpaka leo, baada ya Nakuru kupewa hadhi ya jiji Desemba 2021, ukiingia mtaa wa Bondeni wasikia Kiswahili cha nyumbani na adhana. Baada ya darsa, mama mmoja ambaye wazee wake walitoka Mombasa alituuliza nyuma ya pazia: "Shekhe, mimi nimefiwa na mume, na kazi yangu ni kupamba maharusi. Kwa kazi hii nasomesha watoto, na nimeweka akiba ya kwenda Hija. Kaka yangu asema pesa hizi ni za haramu, hata chakula nikikipika kwa pesa hizo hali. Je, niende Hija au nisiende?"

Hatukumjibu hapo hapo, kwani masala yanayogusa riziki ya mjane na ibada ya Hija hayajibiwi kwa neno moja. Haya ndiyo majibu yake, na twayaandika ili na wengine wafaidike, khasa nyinyi wa pwani mlio na wapambaji katika kila mtaa.

Kwanza yafaa tujue kwamba kazi hii haikuletwa na Wazungu. Bibi Aisha (R.A.) alipopelekwa kwa Mtume (S.A.W.), mama yake, Ummu Ruman, alimkabidhi kwa wanawake wa Kiansari, nao wakamtengeneza. Hayo yamo katika Bukhari. Na katika Musnad ya Imamu Ahmad, Asma binti Yazid asimulia kwamba yeye ndiye aliyempamba Bibi Aisha, kisha akamwita Mtume aje amwone. Mtume akanywa maziwa, akampa bibi arusi, naye akainamisha kichwa kwa haya, na Asma akamhimiza apokee kutoka mkono wa Mtume. Basi huyo mpambaji alikuwa sahaba, na alihudhuria saa tukufu kama hiyo. Na Imamu Ahmad amepokea vile vile kwa Ibn Abbas khabari ya mwanamke aliyekuwa akimchana nywele binti Firauni. Kitana kilimwanguka mkononi, akataja jina la Mungu, imani yake ikajulikana, akauawa pamoja na watoto wake. Mtume alisikia harufu yake nzuri usiku wa Israi. Anayeidharau kazi ya kitana na afikiri kidogo juu ya khabari hiyo.

Na hapa kwetu bibi zetu waliishi na kazi hii. Nani asiyemjua somo aliyemsinga mwari kwa liwa na dalia, akamchora hina, akamtengenezea vikuba vya asumini? Walipewa haki yao, na hatujasikia shekhe yeyote aliyewakataza. Kilichobadilika ni sanduku la vifaa, na jina la kazi lililogeuka la Kizungu. Kubadilika kwa jina hakubadilishi hukumu, lakini kubadilika kwa kilichomo sandukuni huenda kukaibadilisha.

Suala la mama huyu si jipya. Imamu Ahmad bin Hanbal, aliyekufa mwaka 241 wa Hijra, alijiwa na mwanamke mpambaji akamwuliza kama yale yale: mimi nawachana wanawake na kuwaunganisha nywele, je, nihiji kwa chumo langu? Imamu akamjibu kuwa la, akalichukia chumo lake kwa sababu ya katazo la Mtume, akamtaka ahiji kwa mali iliyo njema zaidi. Pengine kaka wa mama huyu ameisikia khabari hii nusu. Lakini tazama: Imamu hakusema kuchana nywele ni haramu, wala kupamba. Alilolichukia ni kule kuunganisha nywele kulikokuwamo ndani ya kazi. Kwa hiyo hatuna budi kulifungua sanduku na kutazama kitu kimoja kimoja.

Poda, rangi ya mdomo, wanja na manukato, vikiwa safi na visivyodhuru, asili yake ni halali. Katika Sura ya Al-Aaraf, Aya ya 32, Mwenyezi Mungu anawakemea wanaojiharamishia pambo alilowatolea waja wake.

Nyusi ni jambo jingine, na hapa ndipo wapambaji wengi wanapokwama, kwani bibi arusi wa leo huona hajapambwa mpaka nyusi zimenyolewa zikawa kama uzi. Ibn Masud (R.A.) alipotaja laana juu ya wenye kuchanja, wenye kunyonyoa nyusi na wenye kuchonga meno kwa kutaka uzuri, alijiwa na Ummu Yaakub, mwanamke aliyekuwa msomaji wa Qur'ani, akambishia kuwa ameusoma Msahafu tangu jalada hata jalada na hayo hakuyaona. Ibn Masud akamkumbusha Aya ya 7 ya Al-Hashri, inayotuamrisha kushika alilotupa Mtume na kuacha alilotukataza. Bibi yule akasema: mbona nadhani mkeo hufanya hayo? Akaambiwa: ingia ukamtazame. Akaingia, asione kitu. Twapendezwa na khabari hii kwa mambo mawili: mwanamke aliuliza mpaka akatosheka, na mwenye kukataza alianza nyumbani kwake. Wako wanazuoni wa Kishafi waliosema kuwa mwenye mume huenda akaruhusiwa kwa idhini ya mumewe, lakini bibi arusi siku ya kupambwa aghalabu hajaozwa bado. Mpambaji na azichane nyusi, azipake rangi, asizinyonyoe. Nywele za binadamu kuunganishwa ni haramu, na kope za bandia zilizotengenezwa kwa nywele za binadamu ni katika mlango huo. Nyuzi za rangi zisizofanana na nywele hazina ubaya.

Kisha yako mambo ambayo vitabu vya kale havikuyataja kwa majina, lakini yaingia katika kanuni ya kutodhuru. Mafuta ya kuibabua ngozi iwe nyeupe mengi yana zebaki au haidrokwinoni. Zebaki huharibu figo, nayo hupenya mwilini bila mtu kujua. Serikali ya Kenya imeyapiga marufuku mafuta hayo, na mataifa yaliyomo katika Mapatano ya Minamata yaliafikiana mwaka 2023 kuiondoa zebaki kabisa katika vipodozi, lakini madukani bado huuzwa kwa siri. Mwenye kumpaka mtoto wa mwenziwe sumu hiyo amekula pesa ya dhuluma, hata kama bibi arusi mwenyewe ameitaka. Na piko! Watu wanachanganya rangi ya nywele ya dukani wanaipaka mikononi ili uchoro uwe mweusi upesi. Dawa kali iliyomo ndani yake humbabua mtu akatoka malengelenge, akabaki na kovu la arusi maisha. Wanja nao wa mawe, aina nyingine una risasi, na risasi ni hatari kwa watoto. Haya si masala ya fikihi peke yake. Mpambaji hana budi kujifunza kusoma maandishi ya kopo kabla ya kumpaka mtu.

Twaja sasa kwenye sala, na hapa twataka kukaa kidogo, kwani laiti pangekuwa na kosa moja tu katika arusi zetu, lingekuwa hili. Bibi arusi huketi kitini baada ya Adhuhuri, huinuka Alasiri imekaribia kutoka, kisha huambiwa: usiuharibu uso, pesa zimekwenda! Alasiri ikapita, na Magharibi, na Isha. Siku ya kwanza ya nyumba mpya imeanza kwa kuacha sala tatu, na mamake yupo, na shangazi zake wapo, na wote wamesali.

Wengine wadhani kwamba mapambo ni kama khofu, kwamba mtu akishatia udhu akapaka, basi hata udhu ukitenguka hupangusa juu yake. Hilo halina asili. Ukweli ni huu: akitia udhu kwanza, kisha akapakwa, yajuzu kusali na mapambo yake maadamu udhu upo. Ukitenguka, kila kinachozuia maji kufika kwenye ngozi lazima kiondolewe, ikiwa ni rangi nzito ya uso au rangi ya kucha. Hina haizuii, kwani kinachobaki ni rangi tu, hakina mwili. Basi mpambaji hodari hupanga kazi yake kwa sala, hapangi sala kwa kazi. Amwambie bibi arusi atie udhu na kusali Adhuhuri mwanzo wa wakati, ampake, kisha asali Alasiri kwa udhu ule ule.

Magharibi ina mtihani wake. Ada yetu ni bwana arusi kuingia kumpa mkono mkewe na kumwekea mkono kipajini akimwombea dua. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, ngozi ya mume ikigusana na ya mke udhu wa wote wawili umetenguka, na mara nyingi hilo huwa Magharibi ndiyo inaingia. Dawa yake ni nyepesi: mtandio uwe kati ya mkono na kipaji. Dua itafika, na udhu utabaki. Na watu wa Mombasa wanaokwenda kuoza Nakuru wasitumie saa za kwao, kwani jua la Nakuru hutua nyuma ya la Mombasa kwa muda wa karibu robo saa.

Suala gumu kuliko yote ni hili: anampambia nani? Aliye katika chumba cha wanawake, akampambia mwanamke mwenziwe kwa ajili ya mumewe, hana taabu. Lakini Nakuru si Mji wa Kale. Wateja wake wengi si Waislamu, nao hutoka hadharani na uso wazi mbele ya kaumu. Wanazuoni wetu wamekataza kumwuzia zabibu mtu ambaye yajulikana atazikamua ulevi, na wakichukia tu ikiwa kuna shaka. Wengine wamelipima pambo kwa zabibu. Sisi twaona kipimo hicho hakilingani sawasawa, kwani ulevi hauna matumizi ya halali kwa mnywaji, na pambo linayo. Lakini hatuthubutu kusema hapana neno, kwani Aya ya 2 ya Al-Maida yakataza kusaidiana katika dhambi. Tulilotua juu yake ni hivi: ajuaye kwa yakini kuwa pambo ni la mashindano ya warembo au la ulevini, asiende. Asiyejua si juu yake kupeleleza. Na arusi za wasio Waislamu twaziita katika yenye shaka. Mwenye kujiweza aziache, na mwenye dharura apunguze kadiri ya uwezo wake. Anayeona tumelegeza, au tumekaza, na atuandikie kwa dalili.

Jambo la picha ni jepesi kuamua ingawa ni zito kuacha. Wapambaji hujitangaza kwa kueneza nyuso za maharusi katika simu. Mtume amekataza mwanamke kumsifia mumewe mwanamke mwingine hata akawa kama anamtazama. Ikiwa maneno matupu yamekatazwa, itakuwaje sura yenyewe, imepelekwa kwa watu elfu? Chumba cha bibi arusi ni amana. Atangaze kwa michoro ya hina juu ya karatasi, na kwa midomo ya waliofurahi.

Na nyinyi wenye arusi, mna lenu. Mwamkodi mwanamke kutoka asubuhi, kisha jioni mwamwambia "sisi ni ndugu", mwampa nusu. Ujira ujulikane kabla ya kazi, na ulipwe kabla jasho halijakauka. Wala msilalamike kwamba siku hizi hata wanaume wanawapaka poda mabinti zenu, hali binti wa Kiislamu akitaka kujifunza kazi hii mwamwita mhuni. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda hutahini ususi na urembo na kutoa vyeti kwa daraja. Waacheni wasichana wenye hamu wakasome, wakishajua udhu wao.

Narejea kwa mama wa Nakuru. Imamu Nawawi asema kwamba mwenye kuhiji kwa mali ya haramu Hija yake yasihi ila ana dhambi, na ndiyo kauli ya wengi. Imamu Ahmad asema haimtoshelezi. Basi asiingie katika khitilafu hiyo. Na akae akadirie, kwa dhana yake iliyo karibu na kweli, ni kiasi gani cha akiba yake kilitokana na kunyonyoa nyusi, kuunganisha nywele za watu na kuuza mafuta ya kubabua, akitoe kwa maskini na kutubu. Kinachobaki ni jasho lake, ni halali, na akitimiza sharti za Hija aende nacho wala asiwe na wasiwasi. Kisichotosha mwaka huu kitatosha mwaka mwingine.

Na kaka yake twamwuliza: tangu alipofiwa dada yako, ni nani aliyelipa karo ya watoto wale? Ikiwa ni wewe, una haki ya kusema. Ikiwa ni yeye, kaa ule naye.

Wallahu aalam.