Maji, Umeme na Gesi Ugenini: Somo la Mikataba kwa Mwanafunzi Aendaye Japani



Ndugu zangu wanafunzi, kila mwaka wapo miongoni mwetu wanaoomba ufadhili wa serikali ya Japani kupitia ubalozi wake ulioko Kampala. Wengi huulizia chakula halali na mahali pa kuswali, na ni maswali mazuri. Mimi nilikaa katika mji wa Kobe mihula miwili kama mwanafunzi mgeni, na nikaona kwamba liko jambo linalomsubiri mtu mlangoni kabla hata ya hayo: maji, umeme na gesi vitafunguliwa vipi, na kwa mkataba gani? Nitaeleza taratibu zake pamoja na hukumu zinazoambatana nazo.

1. Kutumia kwanza, kulipa baadaye

Hapa Uganda wengi wetu tunatumia Yaka. Unanunua yuniti, zikiisha giza linaingia, na hudaiwi na mtu. Japani ni kinyume: unatumia kwanza, bili inakuja baadaye. Kwa hiyo kila taa unayowasha ni deni dogo shingoni mwako mpaka utakapolilipa.

Je, biashara ya namna hii inafaa? Mfano wake tunao hapa hapa mtaani: mtu anachukua sukari na sabuni dukani kidogo kidogo, mwenye duka anaandika kwenye daftari, na mwisho wa mwezi wanahesabiana. Wanafiqhi huuita muamala huu bay'u al-istijrar. Mahanafi waliuruhusu kwa kuzingatia haja za watu, na Mashafii wengi walikuwa wakali zaidi pale ambapo bei haikutajwa wakati wa kuchukua. Kwenye umeme, maji na gesi bei ya kila kipimo imeandikwa katika mkataba, na mita ndiyo inayohesabu. Usilolijua ni jumla tu, nayo iko mikononi mwako.

2. Taratibu zenyewe

Umeme. Tangu Aprili 2016 kila nyumba nchini Japani ina hiari ya kuchagua kampuni ya kuinunulia umeme. Omba kwa simu au kwa intaneti siku kadhaa kabla ya kuhamia, ukitaja anwani kamili na tarehe. Mita nyingi siku hizi hufunguliwa kutoka mbali, hakuna fundi anayekuja. Ukikuta nyumba bado ina giza, tazama kwanza swichi kuu, mara nyingi iko karibu na mlango. Kumbuka pia kwamba umeme wao ni wa volti 100. Pasi au birika la kwetu la volti 240 halitapata moto wa kutosha, basi liache nyumbani.

Maji. Haya mara nyingi yako chini ya idara ya jiji. Katika miji mingi bili huja kila baada ya miezi miwili, ikiwa na gharama ya maji taka ndani yake. Yako majengo ambayo maji yamo ndani ya kodi, kwa hiyo muulize wakala wa nyumba kabla ya kujaza fomu yoyote.

Gesi. Hapa ndipo wageni wengi hukwama. Kuna gesi ya mji inayopita kwenye mabomba, na kuna propani ya mitungi. Jiko lililotengenezwa kwa aina moja lisitumike kwa nyingine, ni hatari. Pia gesi haifunguliwi hivi hivi: fundi huja, hukagua kama inavuja, hukuonyesha namna ya kuitumia, na lazima mtu awepo nyumbani. Weka miadi mapema, hasa Machi na Aprili, kwa kuwa mwaka wa masomo wa Japani huanza Aprili na nusu ya mji inahama wakati huo.

Katika nyumba nyingi gesi ndiyo inayopasha maji ya kuoga. Mtu aliyepatwa na janaba usiku wa Januari kabla gesi haijafunguliwa asikimbilie tayammam. Maadamu una umeme na birika la kununua huko huko, unao uwezo wa kupasha maji, na mwenye uwezo huo hana udhuru wa baridi.

Liko jambo jingine ambalo watu wa Kobe hawalisahau, kwa sababu ya tetemeko la tarehe 17 Januari 1995 lililoua zaidi ya watu 6,000 na kufuatiwa na moto mkubwa. Mita za gesi hujifunga zenyewe panapotokea tetemeko la nguvu ya takriban 5 katika kipimo cha Kijapani. Ukikuta gesi imekatika na husikii harufu yoyote, zima vifaa vyote, bonyeza kitufe cha mita, kisha subiri kama dakika tatu. Ukisikia harufu, usiguse swichi yoyote: fungua madirisha, toka nje, piga simu.

Juu ya hayo yote, ndani ya siku 14 tangu kuhamia lazima ukaandikishe anwani yako katika ofisi ya kata.

3. Soma kabla ya kukubali

Aya ya kwanza ya Suratul Maida inatuamrisha kutimiza mikataba, wala haikubagua mkataba wa Muislamu na wa asiye Muislamu. Na aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika madeni. Basi usikubali karatasi ya Kijapani usiyoielewa. Tafuta wa kukusomea: ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni, au ndugu utakaowakuta Msikiti wa Kobe, ambao ulifunguliwa mwaka 1935 na ndio wa kwanza nchini humo.

Uliza hasa kuhusu nyongeza kwa anayechelewa kulipa. Ziada juu ya deni kwa sababu ya muda inafanana na riba ya Jahiliya, na wanazuoni wa zama zetu wameizungumzia kwa uzito. Huwezi kulifuta sharti hilo, wala huwezi kuishi bila maji. Unaloweza ni kuhakikisha halikufikii: lipa kabla ya siku iliyoandikwa. Asiye na akaunti ya benki hulipa taslimu katika maduka madogo ya saa 24, ambayo Wajapani huyaita konbini.

4. Mnaoishi pamoja

Mkataba huwa kwa jina la mmoja, na watumiaji watatu. Aliyeandika jina lake amebeba deni lenu nyote. Kubalianeni mwanzoni mtagawanaje, na muandike. Anayewasha kipasha joto usiku kucha kisha akalipa sawa na mwenzake asiye na kifaa hicho, ajiulize kama mwenzake ameridhia au amenyamaza kwa aibu tu.

5. Kufunga ni sehemu ya mkataba

Siku za kuondoka mtu anafikiria mizigo na zawadi za mama, anasahau kutoa taarifa. Usipoarifu, malipo ya msingi huendelea kuhesabiwa kwa jina lako hata kama nyumba ni tupu. Toa taarifa angalau wiki moja au mbili kabla. Bili ya mwisho ya gesi mara nyingi unaweza kumlipa fundi taslimu siku ile ile.

Rafiki yangu mmoja alinyimwa chumba kwa sababu mpangaji aliyetangulia, mgeni kama yeye, alirudi kwao akaacha bili, na simu za madai zikawa zinamjia mwenye nyumba. Rafiki yangu hakumjua mtu huyo, lakini alilipia tabia yake.

Wala jambo haliishii duniani. Katika Sahihi Bukhari imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) aliletewa jeneza la mtu mwenye deni la dinari tatu, hakuacha cha kulilipa. Hakumswalia mpaka Abu Qatada (r.a.) alipolidhamini deni hilo. Dinari tatu tu! Ukipanda ndege ya kurudi Entebbe na bili ya maji haijalipwa, umepanda nayo.

Maswali ya kujadili katika darsa:
1. Kuna tofauti gani kifiqhi kati ya umeme wa Yaka na umeme unaolipiwa baadaye?
2. Aliyesharudi nyumbani akakumbuka bili aliyoiacha Japani, afanye nini ili atoke katika dhima yake?
3. Ni madeni gani ya namna hii tunayaacha katika hosteli zetu hapa hapa kila muhula unapoisha?

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.