Somo la Useremala: Nguvu ya Mlango I Wapi?

Wanafunzi wengi hudhani kuwa mlango hulindwa na kufuli. Lakini mara nyingi mwizi hana haja ya kuligusa: huing'oa tumbuu, au huzifungua skrubu zilizoachwa wazi. Kwa hiyo somo lianze kwenye mbao.

Mwalimu agawe vipande vya mbao nene kama mwimo wa mlango. Kikundi cha kwanza kikaze tumbuu kwa skrubu za sentimita 2, karibu na ukingo, bila kutoboa kwanza. Kikundi cha pili kitoboe kwa keekee tundu jembamba kuliko skrubu, mbali na ukingo, kisha kitumie skrubu za sentimita 5. (Mninga ni mgumu, skrubu ipakwe sabuni.) Vipande vibanwe kwenye jiliwa, na mwalimu mwenyewe ajaribu kuzing'oa tumbuu kwa mtaimbo. Ubao uliopasuka utafundisha zaidi ya maelezo ya ubaoni. Kisha wakaze ulimi wa chuma mlangoni, wakihakikisha kuwa ukifungwa unafunika vichwa vya skrubu zote.

Mlango wa chumba cha kulala una sharti jingine. Mwaka 2001, katika shule ya Kyanguli, Machakos, nchini Kenya, wanafunzi 67 walikufa kwa moto bwenini. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa kufuli, na madirisha yalikuwa na nondo. Kikundi cha tatu kitengeneze komeo la mbao la upande wa ndani, lisilohitaji ufunguo, kisha kila mwanafunzi alifungue akiwa amefumba macho.