Lugha ya Hojaji na Afya ya Taifa: Mfano wa Tafiti za Kidemografia na Afya nchini Kenya

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mficha maradhi, kilio humuumbua. Methali hii humlenga mtu binafsi, lakini hulifaa taifa pia. Taifa lisilojua ni watoto wangapi wanaofariki kabla ya kutimiza miaka mitano, ni akina mama wangapi wanaojifungulia nyumbani, wala ni nani waliokosa chanjo, husubiri kilio ndipo lijue kwamba lilikuwa likiugua. Ili kuliepuka hilo, Kenya imefanya Utafiti wa Kidemografia na Afya mara saba: mwaka 1989, 1993, 1998, 2003, 2008-09, 2014 na 2022. Makala haya yanachunguza upande wa tafiti hizo unaowahusu wasomi wa Kiswahili moja kwa moja, yaani lugha ya maswali. Hoja kuu ni kwamba takwimu ya afya, kabla haijawa nambari, huwa ni sentensi. Sentensi hiyo ikipotoka, nambari nayo hupotoka.

Jinsi utafiti unavyofanywa

Rekodi za hospitali huwahesabu waliofika hospitalini tu. Mtoto aliyefia nyumbani, mbali na zahanati, haonekani humo. Kwa sababu hiyo watafiti huteua maeneo kwa njia ya nasibu, kisha huzifuata kaya zilizoteuliwa hadi mlangoni. Katika utafiti wa 2022 maeneo 1,692 yaliteuliwa, na kaya 37,911 zikahojiwa. Wanawake 32,156 wa umri wa miaka 15 hadi 49 walijibu maswali, pamoja na wanaume 14,453 wa umri wa miaka 15 hadi 54.

Faida ya kuwafuata watu makwao ilidhihirika mwaka 2003, utafiti huu ulipojumuisha upimaji wa virusi vya UKIMWI kwa mara ya kwanza. Ilibainika kwamba asilimia 6.7 ya watu wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na virusi hivyo, kiwango kilichokuwa chini ya makadirio ya awali yaliyotegemea kliniki za wajawazito.

Faida ya pili hutokana na kurudia maswali yale yale. Mwaka 2003, watoto 115 kati ya kila 1,000 waliozaliwa hai walifariki kabla ya kutimiza miaka mitano. Idadi hiyo ilishuka hadi 74 katika utafiti wa 2008-09, 52 mwaka 2014 na 41 mwaka 2022. Ulinganisho huu una maana ikiwa tu swali lililoulizwa mwanzoni ndilo lililoulizwa mwishoni.

Matatizo ya kimaana

Hojaji za tafiti hizi huandikwa kwa Kiingereza, kisha zikatafsiriwa kwa Kiswahili na lugha nyingine kadhaa za Kenya. Hapo ndipo matatizo ya kisemantiki huzuka. Mifano minne itatosha.

Kwanza ni neno kaya. Kwa mwanatakwimu, kaya ni watu wanaoishi katika boma moja, wanaopika pamoja na kumtambua mkuu mmoja. Kwa Mmijikenda wa pwani, kaya ni makao ya kale ya wazee yaliyo ndani ya msitu mtakatifu. Mhoji akiuliza "Kaya hii ina watu wangapi?" katika kijiji cha Kilifi, huenda akatazamwa kwa mshangao. Kuuliza ni akina nani wanaokula chungu kimoja kungeeleweka upesi zaidi.

Pili ni neno homa. Hojaji hutaka kujua kama mtoto alipatwa na joto jingi mwilini katika wiki mbili zilizotangulia mahojiano, kwa kuwa jibu hilo huongoza mipango ya kupima na kutibu malaria. Hata hivyo, Wakenya wengi hutumia neno homa kwa maana ya mafua. Mama ambaye mwanawe alitokwa na kamasi tu anaweza kujibu "ndiyo", na mafua yakaingizwa katika hesabu ya joto la mwili.

Tatu ni neno ndugu. Vifo vya akina mama vitokanavyo na uzazi hukadiriwa kwa kumuuliza mhojiwa kuhusu ndugu zake waliozaliwa na mama yake mzazi. Kwa njia hiyo utafiti wa 2003 ulikadiria vifo 414 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, na ule wa 2014 vifo 362. Lakini ndugu katika Kiswahili ni pamoja na binamu, na dada anaweza kuwa mtoto wa mama mdogo. Kishazi "waliozaliwa na mama yako mzazi" kikiachwa, kifo kimoja chaweza kusimuliwa na jamaa wasiostahili kukihesabu.

Nne, na lililo zito zaidi, ni swali kuhusu mtoto aliyezaliwa hai kisha akafa. Mhoji akiuliza tu "Umezaa watoto wangapi?", mama aliyempoteza mtoto baada ya saa moja anaweza kumwacha nje ya hesabu, ama kwa uchungu, ama kwa kuwa hakuwahi kumpa jina. Ndiyo maana hojaji humtaka mhoji aulize zaidi kama yupo mtoto aliyelia au kuonyesha dalili yoyote ya uhai, hata kama hakuishi. Neno "kulia" hapa ndilo linaloamua iwapo maisha hayo mafupi yatahesabiwa au la.

Mapendekezo na hitimisho

Kila tafsiri ya hojaji inastahili kurudishwa katika Kiingereza na mtu mwingine asiyeiona hojaji asilia, na kujaribiwa vijijini kabla ya utafiti kuanza. Aidha, tafsiri ya awamu moja ihifadhiwe kwa ajili ya awamu inayofuata, la sivyo mabadiliko ya maneno yatadhaniwa kuwa mabadiliko ya afya.

Wakati wa kulizingatia suala hili umewadia. Mpango wa Marekani uliosaidia tafiti za aina hii katika nchi nyingi tangu mwaka 1984 ulisitishwa na serikali ya nchi hiyo mwezi wa Februari 2025. Nchi zilizoutegemea zililazimika kutafakari jinsi zitakavyojihesabu zenyewe. Kwa Kenya, ambayo Katiba yake ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, hapana sababu ya hojaji kuendelea kuzaliwa katika Kiingereza. Inaweza kutungwa kwa Kiswahili tangu mwanzo, wanaisimu wakiketi meza moja na wanatakwimu na wauguzi. Kazi hiyo si ya mapambo. Mtoto aliyelia mara moja akanyamaza hana njia nyingine ya kuhesabiwa na taifa lake ila kwa swali lililoulizwa vyema.