Chumvi Haikugeuka Buluu: Je, Haina Madini Joto?



Siku moja mama mjamzito alitujia kliniki akiwa na malalamiko. "Nesi, mlituambia tununue chumvi yenye madini joto. Mwanangu wa sekondari amesoma kwamba iodini hugeuza wanga kuwa buluu. Nimeitia kwenye uji, uji umebaki mweupe. Nikaimwaga, nikanunua ile ya gunia." Mimba yake ilikuwa ya miezi mitatu.

Mtoto alisema kweli. Lakini jaribio lile halikuweza kuonyesha kitu, hata kama chumvi ilikuwa nzuri. Tueleze kwa nini.

Madini joto yamefungwa

Madini joto ndiyo iodini. Viwandani chumvi hutiwa potasiamu ayodeti. Humo iodini imeshikwa na oksijeni, hivyo haipotei upesi kwa joto na unyevu. Wanga hugeuzwa buluu na iodini iliyo huru tu. Ayodeti haiugeuzi.

Ni sawa na mahindi. Huwezi kuyapima kwa debe yakiwa bado kwenye magunzi. Sharti uyapukuchue kwanza.

Wapimaji hufanyaje?

Katika maabara hufuata hatua hizi:

1. Gramu 10 za chumvi huyeyushwa katika maji.

2. Hutiwa asidi kidogo, kisha potasiamu ayodaidi kwa wingi. Hapa ndipo "kupukuchua". Ayodeti huchukua elektroni kutoka kwa ayodaidi, na zote mbili huwa iodini huru. Maji hugeuka manjano. Ayodaidi hutiwa kwa wingi ili ayodeti yoyote isibaki bila kubadilishwa.

3. Chombo huwekwa gizani dakika 10 hivi. Mwanga na hewa vingeweza kuzalisha iodini nyingine, na kipimo kingedanganya.

4. Kwa bureti hudondoshwa sodiamu thiosalfeti, ambayo huimaliza iodini huru kwa kiasi kinachojulikana. Manjano yakififia, hutiwa wanga, na maji huwa buluu iliyokolea. Hudondosha tena taratibu hadi rangi itoweke. Kazi hii huitwa titresheni.

Thiosalfeti ikiwa ya moli 0.005 kwa lita, kila mililita 1 iliyotumika ni sawa na miligramu 10.6 hivi za iodini katika kilo moja ya chumvi. Zikitumika mililita 3, chumvi ina karibu miligramu 32 kwa kilo. Nyumbani chumvi inatakiwa kuwa na angalau miligramu 15 kwa kilo.

Kile kichupa cha kudondoshea matone juu ya chumvi kina wanga, asidi na ayodaidi pamoja, ndiyo maana chumvi hugeuka buluu mara moja. Lakini huonyesha kama madini joto yamo. Kiasi kamili hujulikana kwa titresheni.

Kwa nini tunahangaika hivi?

Mwili ukikosa iodini, tezi ya shingo huvimba, ndilo rovu. Baya zaidi halionekani shingoni: ubongo wa mtoto aliye tumboni hauwezi kukua sawasawa. Mimba inaweza kuharibika, au mtoto akazaliwa na akili iliyodumaa, na pengine kiziwi. Hasara hiyo hairudishwi na dawa baadaye. Mtu mzima huhitaji mikrogramu 150 kwa siku, na mama mjamzito 250.

Mambo ya kukumbuka

- Usiipime chumvi kwa uji wala kwa ndimu. Ukiwa na shaka, ilete kliniki au umwulize bwana afya.
- Nunua chumvi ya pakiti iliyoandikwa kuwa ina madini joto.
- Ihifadhi katika chombo kikavu chenye kifuniko, mbali na moto na jua. Usiioshe.
- Itie chakula kikikaribia kuiva.
- Usiongeze chumvi ili kupata iodini zaidi. Huongeza shinikizo la damu. Mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko cha chai kimoja. Samaki wa baharini, maziwa na mayai nayo yana iodini.

Yule mama tulimweleza hayo, naye akarudia chumvi ya pakiti siku ile ile. Mjamzito mwenzake asipoteze hata wiki moja kwa sababu ya uji ambao haukugeuka buluu. Kinga ni bora kuliko tiba.