Sauti Ikitolewa, Hubaki Nini? Somo la Kusikiliza Rege na Dabu

Kalamu hii nimeishika kwa sababu nina deni. Katika kikao kimoja cha Chama cha Kiswahili tulijadili hoja isemayo, "Muziki wa rege unapotosha vijana." Mimi nilikuwa upande wa kupinga. Nikasimama kifua mbele nikasema rege ni fasihi kama fasihi nyingine. Lo! Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mwenzangu mmoja wa upande wa pili akauliza, "Fasihi gani hiyo ya makanga na bangi?" Nikakosa la kusema, nikaketi.

Baada ya kikao mlezi wetu aliniita kando. Akaniambia, "Mwanangu, kicheko si hoja. Nenda ukasikilize albamu moja tangu mwanzo hadi mwisho, kisha utuandikie jaridani. Ukishindwa tutajua." Basi haya ndiyo niliyoyapata. Nilianza nikitafuta maneno ya kuwanyamazisha walionicheka. Nikaishia kupata jambo jingine ambalo sikulitafuta, tena nyumbani kwetu Bungule.

ALBAMU YENYEWE

Binamu yangu ni makanga wa matatu ya Maungu na Rukanga (ndiyo, makanga!). Yeye ndiye aliyenitilia nyimbo kwenye simu. Albamu ni mbili, ila ni kama mapacha. Ya kwanza inaitwa Marcus Garvey, ilitoka mwaka wa 1975. Ya pili ni Garvey's Ghost, yaani Mzuka wa Garvey, ilitoka mwaka wa 1976. Walioimba ni kundi la Burning Spear kutoka Jamaika, likiongozwa na Winston Rodney.

Sasa sikilizeni ajabu. Burning Spear maana yake ni Mkuki Uwakao. Rodney jina hilo alilitoa wapi? Kwetu Kenya! Ni jina la sifa alilopewa Mzee Jomo Kenyatta. Kijana wa kisiwa cha mbali, alipotafuta jina la kuimbia alichagua la mpigania uhuru wetu.

Marcus Garvey naye alizaliwa mwaka wa 1887 huko St. Ann's Bay, mji ule ule alikozaliwa Rodney. Mwaka wa 1914 alianzisha chama cha kuwaunganisha watu weusi popote walipo duniani, akawafundisha kujivunia asili yao ya Afrika. Alifariki London mwaka wa 1940, na mwaka wa 1964 mabaki yake yakarudishwa Jamaika akazikwa kwao. Shikeni hilo neno, kurudishwa. Nitalirudia.

MIKONO MINGI

Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Albamu hii ililelewa na mikono mingi. Waimbaji walikuwa watatu: Rodney mwenyewe, Rupert Willington na Delroy Hines. Aliyewakusanya na kusimamia kazi yote ni Jack Ruby wa mji wa Ocho Rios. Besi ilipigwa na Robbie Shakespeare na Aston Barrett, yule mpiga besi wa Bob Marley. Ngoma zilikuwa za Leroy Wallace. Gita lilikuwa la Earl Smith, anayejulikana kwa jina la Chinna, na Tony Chin. Tarumbeta alipuliza Bobby Ellis, na tromboni Vin Gordon. Na kazi ilipoisha hapo haikuisha, manake mafundi wa studio walizichukua nyimbo zile zile kumi wakazifanya upya kuwa Garvey's Ghost.

Kwa hiyo ukiulizwa huu ni wimbo wa nani, usikimbilie kusema wa mwimbaji. Ni kama ngano. Fanani ni mmoja, lakini ameipokea kutoka kwa wengi, na hadhira nayo inaitikia.

SOMO LA KWANZA: TAFUTA BESI

Siku ya kwanza nilisikiliza kwa spika ya simu nikasikia gita tu, chk, chk, chk, kama mtu anayepekecha mahindi. Nikajiuliza, hiki ndicho watu wanachosifu? Kosa lilikuwa langu. Spika ndogo ya simu haiwezi kutoa besi, na rege bila besi ni ugali bila unga. Nilipopanda matatu ya binamu ndipo nikaelewa. Pale kiti kilinitetemeka mgongoni. Basi, mwenzangu, tafuta spika nzuri au vidude vya masikioni. Sikiliza wimbo mzima ukifuata besi peke yake, na maneno uyaache kwanza. Utaona besi inasema sentensi fupi, inanyamaza, inairudia. Kwa lugha yetu ya darasani hiyo ni takriri.

SOMO LA PILI: HESABU

Hesabu polepole: moja, mbili, tatu, nne. Katika nyimbo nyingi za dansi tulizozoea, kishindo kikubwa huja kwenye moja. Katika mapigo ya rege ya mizizi yaliyo maarufu zaidi, moja huachwa wazi na kishindo huangukia tatu. Gita na kinanda hugonga kwenye mbili na nne. Ile nafasi tupu ya mwanzo ndiyo inayomfanya mtu ayumbe badala ya kurukaruka. Mpigaji hajasahau kupiga, jamani. Ameacha kwa makusudi.

SOMO LA TATU: SIKILIZA MANENO

Hapa chukua wimbo uitwao Slavery Days, yaani Siku za Utumwa. Umejengwa juu ya swali moja kuhusu kumbukumbu, na swali hilo linarudi tena na tena. Ni swali la balagha. Mwimbaji hangoji jibu la ndiyo au la, anataka msikilizaji ajiulize. Wenzake wanaitikia nyuma yake, mtindo wa mwimbishaji na waitikiaji ambao sisi tunaufahamu tangu ngoma za wazee. Hakuna msamiati mgumu hata kidogo. Rodney si mwimbaji wa maneno mengi. Analirudia neno mpaka linakuwa zito.

SOMO LA NNE: DABU

Sasa tufike penyewe. Dabu ni nini? Studio za wakati ule zilirekodi kwenye kanda yenye mikondo kadhaa: sauti ya mwimbaji mkondo wake, besi wake, ngoma wake. Huko Jamaika mafundi walianza kuutoa mkondo wa mwimbaji na kuacha ala, wakaweka toleo hilo upande wa pili wa sahani ya santuri. Fundi mashuhuri kuliko wote ni King Tubby, jina lake halisi Osbourne Ruddock, aliyezaliwa mwaka wa 1941 na kuuawa mwaka wa 1989. Kazi yake ya awali ilikuwa kutengeneza redio na vipaza sauti. Aliketi kwenye meza ya kuchanganyia sauti akawa anatoa gita, anarudisha ngoma, anatia mwangwi kwenye neno moja likaenda likipotea mfano wa sauti inayojibiwa na mlima.

Garvey's Ghost haikuchanganywa na King Tubby, na nikiwa mkweli ni dabu ya upole. Anayetaka vishindo na mwangwi wa kupasua anga atafute kazi za Tubby mwenyewe, kwa mfano King Tubbys Meets Rockers Uptown ya mwaka wa 1976, aliyoifanya na Augustus Pablo. Pablo alipuliza melodika, kinanda kidogo cha mdomo ambacho wengi walikiona ni chombo cha watoto wa shule. Lakini upole wa Garvey's Ghost unamfaa anayejifunza. Sikiliza Slavery Days, kisha mara moja sikiliza dabu yake iitwayo I and I Survive. Marasta husema "mimi na mimi" wakimaanisha sisi. Kwa hiyo jina hilo ni kama kusema: Sisi Tumenusurika. Sauti ya mwimbaji imeondolewa, karibu yote. Lakini kwa kuwa umetoka kuusikia wimbo, lile swali lake unalisikia bado pale ambapo halipo. Unalijaza mwenyewe.

Darasani tunaita mdokezo: msemaji anaacha maneno yakining'inia, msikilizaji anamalizia. Dabu ni mdokezo wa muziki.

Na msidhani ni mambo ya Jamaika pekee. Hapa jirani Ethiopia, mwanamuziki Nick Page kutoka Uingereza alishirikiana na waimbaji na wapigaji wa Addis Ababa wakatoa albamu ya A Town Called Addis mwaka wa 2008, chini ya jina la Dub Colossus. Humo kuna masinko, fidla ya Kihabeshi ya uzi mmoja, ikikutana na besi ya dabu. Mimi Kiamhari sijui hata salamu, lakini baada ya kujifunza kufuata besi nilijua nishike wapi.

NILICHOKIKUTA KWA NYANYA

Likizo ilipofika nilikuwa Bungule kwa Nyanya. Alikuwa anasuka kikapu cha makonge chini ya mti. Nikamwomba ruhusa nicheze nyimbo zangu za shule, akacheka, akasema, "Shule siku hizi mnasomea rege?" Nikampigia Slavery Days kwa spika ya binamu. Akauliza, "Anasema nini huyo?" Nikamfasiria lile swali. Mikono yake ikasita.

Kwa walimu waliotoka mbali nieleze kidogo. Mwaka wa 1915, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani walivuka mpaka wakashambulia kambi ya Waingereza hapa Kasigau. Waingereza wakawashuku wenyeji kwamba wamewasaidia maadui. Wakawahamisha kwa nguvu, wazee kwa watoto, wakapelekwa Malindi. Wengi walikufa huko kwa njaa na maradhi. Walionusurika walirejea kwenye mlima wao katika miaka ya 1930. Mama yake Nyanya alikuwa mmoja wao. Alipelekwa akiwa msichana mdogo.

Nyanya aliniambia kwa Kikasigau, nami naandika kwa Kiswahili: "Mama alikuwa akitusimulia akisuka hivi hivi. Anaanza na asubuhi ile walipoitwa, anasema vitu walivyoacha, anasema njia. Akifika Malindi ananyamaza. Lakini mikono haisimami. Anasuka tu. Sisi tukawa tunamngoja, mpaka tukajua hatasema."

Nikampigia I and I Survive. Akasikiliza kidogo, akauliza, "Yule bwana amekwenda wapi?" Nikamwambia wamemwondoa. Akasema, "Lakini nyimbo ni ile ile." Kisha akaendelea kusuka. Baada ya kitambo akaniambia jambo ambalo sijawahi kulisikia nyumbani kwetu: mama yake aliondoka Kasigau na kaka wawili, akarudi na mmoja. Nikauliza jina la yule aliyebaki Malindi. Akatikisa kichwa. "Hakutuambia. Na mimi sikuuliza, nilikuwa mtoto. Nilipokuwa mkubwa nikaona haya."

Usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa nimejiandaa kuwaandikia kwamba dabu ni sawa na kimya cha wazee wetu. Si sawa, wenzangu. Kule studio sauti iliyoondolewa bado ipo kwenye kanda. Fundi akitaka anairudisha kwa kidole kimoja. Sisi kanda yetu ni wazee wenyewe. Jina la yule mjomba wa Nyanya halipo popote tena. Garvey walimrudisha kwao baada ya miaka 24. Huyu wetu hata jina halikurudi.

HITIMISHO

Kwa mwenzangu aliyeuliza ni fasihi gani, jibu langu ni hili. Ni fasihi iliyonifundisha kuuliza swali ambalo vizazi vitatu katika nyumba yetu havikuuliza. Kuhusu bangi, ni kweli Marasta wengi huivuta, na mimi siitetei. Lakini kikapu hakitupwi kwa sababu kiliwahi kubeba samaki.

MAZOEZI

1. Sikiliza wimbo mmoja wa rege ya mizizi mara tatu: mara ya kwanza fuata besi, ya pili ngoma, ya tatu maneno. Andika ulichosikia kila mara.

2. Tafuta mifano miwili ya takriri na mmoja wa swali la balagha katika wimbo huo.

3. Sikiliza dabu ya wimbo huo huo. Ni kitu gani kimeondolewa, na wewe umejaza nini?

4. Mwendee mzee mmoja wa kwenu. Mwombe akusimulie habari ya zamani, na pale anaponyamaza, mngoje. Kisha muulize kwa adabu. Andika majina yote atakayoyataja, kwa tahajia sahihi, na utie tarehe.

Zoezi la nne mlezi wetu amekubali tulilete katika kikao cha kwanza cha muhula ujao. Mimi nitakuja na majina ya watu kumi na mmoja, na nafasi moja tupu.

Wasalamu.