Vokali ya daktari wa moyo haiandikwi kwa sikio peke yake

Mgonjwa ametoka Masisi au Walikale, amefanyiwa eko ya moyo Goma, amerudi nyumbani. Karatasi ya majibu bado iko njiani. Kilichotangulia ni vokali, yaani ujumbe wa sauti wa simu, wa dakika mbili: daktari anaongea mbio, pikipiki zinanguruma nyuma yake, na rezo imemeza silabi hapa na pale. Wewe muuguzi, au sekretari wa hospitali kuu ya rufaa, ndiye unayepaswa kuiingiza kwenye fishi. Tena kwa Kifaransa cha wataalamu wa moyo, ambacho maneno yake hufanana masikioni huku maana zikipingana.

Isikilize yote kwanza, kalamu ikiwa mezani. Anayekwama kwenye neno moja na kulirudia mara kumi hulishawishi sikio lake likubali kile alichokisia mwanzoni. Ukifika mwisho wa vokali utakutana na dawa, na mara nyingi dawa ndiyo inayofichua ugonjwa. Tuseme umesikia "kaliémie" (potasiamu ya damuni) bila kushika kichwa chake, kama ni hypo au hyper. Daktari akiendelea kusema Lasix ipunguzwe na mgonjwa apewe potasiamu, basi ni hypokaliémie. Akisema Aldactone isimamishwe mara moja, inaelekea ni hyperkaliémie. Vivyo hivyo mapigo: 48 kwa dakika haiwezi kuwa tachycardie, hata kama rezo inakuambia hivyo.

Sauti za moyo nazo zina kanuni zake. "Roulement" huenda na diastolique, na kwenye ncha ya moyo huelekeza kwa rétrécissement mitral. "Souffle systolique" mahali hapohapo huelekeza kwa insuffisance mitrale. Ukisikia "frottement", neno lililopotea karibu yake huenda ni péricardite. Ukisikia "végétation" na "hémoculture", ni endocardite. Na mama aliyejifungua miezi miwili iliyopita, moyo wake ukiwa umepanuka, ana uwezekano mkubwa wa kuwa na ugonjwa wa "péripartum", ingawa sikio lako limeng'ang'ania "péricarde". Kwa hiyo fungua fishi ya zamani kabla ya kuanza kuandika: umri, uzazi, dawa anazokunywa tayari.

Majina ya dawa ndiyo yanayonitia hofu zaidi. Aldomet ni ya presha, na wajawazito hupewa sana. Kidonge chake cha kawaida ni miligramu 250. Aldactone ni ya kutoa maji mwilini, nayo huanzia miligramu 25. Sufuri moja tu ndiyo inayozitenganisha. Amlodipine ni ya presha, 5 au 10. Amiodarone ni ya mapigo yasiyo na mpangilio, na kidonge chake ni 200. Jina na kipimo visipopatana, kimojawapo umekisikia vibaya, na hujui ni kipi. Hapo usichague. Kijana mwenye RAA (rhumatisme articulaire aigu) akiandikiwa benzathine ya kila wiki 4, kipimo cha kinga kwa mtu mzima ni uniti milioni 1,2. Ukisikia 2,4, simama uulize.

Kisha namba. Sisi Wakongo tunasema septante (70) na nonante (90), lakini daktari aliyetoka Ufaransa, wa mashirika kama MSF, atasema soixante-dix na quatre-vingt-dix. Sikio lililolelewa na septante huandika 60 na kuiacha ile 10 ielee, au huandika 80 pale palipokusudiwa 90. "Six" na "dix" kwenye simu mbovu ni kama pacha. Presha nayo husemwa kwa sentimita: "quatorze-neuf" ni 140/90. Andika kwa namna moja tu katika fishi nzima, maana anayesoma 14/9 mstari mmoja na 95/60 mstari unaofuata atachanganyikiwa.

Vifupisho viandike kwa urefu, hata kama daktari amevikata. IM inaweza kuwa insuffisance mitrale, infarctus du myocarde, au sindano ya msuli. IVG kwa mtu wa moyo ni insuffisance ventriculaire gauche. Kwa mkunga ni utoaji mimba, na hutaki maneno hayo yakae kwenye fishi ya mama wa watu kwa bahati mbaya. Wagonjwa wengine hurudi kutoka Kampala na ripoti za Kiingereza: MR yao ni IM yetu, MS ni RM (rétrécissement mitral), AF ni FA (fibrillation auriculaire), na EF ni FE (fraction d'éjection).

Ushahidi wa pembeni unakusaidia kuuliza vizuri. Kwa dawa, kipimo au upande wa moyo, haukupi ruhusa ya kujaza. Acha nafasi wazi, weka alama ya kuuliza na dakika ya vokali, mfano "? 1:12", ili muuguzi wa zamu aione hata usiku. Unapopiga simu, usimpe daktari jibu mdomoni. Ukimuuliza "Docta, ulisema hyper?", aliyechoka atajibu "ndiyo" ili arudi kwa wagonjwa wake. Muulize: "Docta, potasiamu yake ilikuwa ngapi?" Namba isomwe tarakimu moja moja, moja-nne-sufuri, nawe uirudie kwake. Kama rezo haikubali simu, tuma ujumbe wa maandishi wenye swali moja tu. Ukituma matano pamoja, atajibu mawili.

Akishathibitisha, andika saa na jina la aliyethibitisha, tia sahihi yako, kisha ifute vokali kwenye simu yako na kwenye kundi lolote ilikopitia. Jina la mgonjwa limo ndani yake, na simu huku kwetu hupita mikono mingi.