Kuchagua Vipuri vya Kompyuta ya Kwanza ya Kuhariri Video Nakuru

Kompyuta ya kuhariri video huanzia kwenye kamera. Kabla ya kuulizia bei ya kipuri chochote, mhariri anapaswa kujua mambo mawili: kamera zake hurekodi kwa kodeki gani, yaani njia gani ya kubana video, na kazi moja humletea saa ngapi za picha. Nakuru na miji inayoizunguka, kuanzia Naivasha na Gilgil hadi Njoro na Molo, kazi zenyewe ni arusi, sherehe za mahari kama ruracio na koito, mazishi, ibada za Jumapili na video za nyimbo za injili. Nyingi ni kazi ndefu, kamera mbili au tatu zikirekodi kwa pamoja, na mwenye shughuli anataka video yake mapema.

Chukua arusi ya Njoro iliyorekodiwa na kamera tatu kwa saa sita, ubora wa 4K, kwa kasi ya megabiti 100 kwa sekunde. Hizo ni megabaiti 12.5 kila sekunde, na kwa saa moja zinafika gigabaiti 45. Kamera tatu kwa saa sita ni saa 18 za picha, yaani gigabaiti 810. Shughuli ya siku moja imekaribia kujaza diski ya terabaiti moja, na Jumamosi inayofuata kuna nyingine.

Kwa hiyo diski zinafaa kuwa tatu. Ya kwanza ni NVMe, diski ya kasi isiyozunguka, ya gigabaiti 500 kwa ajili ya Windows na programu. Ya pili ni NVMe ya terabaiti moja au mbili kwa kazi iliyo mezani. Ya tatu ni diski kuu ya kawaida, ile inayozunguka, ya terabaiti nne au zaidi, kwa kazi zilizokwisha. Diski inayozunguka husoma faili moja lililonyooka bila shida, lakini ikitakiwa kusoma kamera tatu kwa wakati mmoja, kichwa chake huhangaika huku na huko na picha hukatika. NVMe haina kichwa cha kuhamisha. Zaidi ya hizo, nakala ya pili ya kila kazi iwekwe kwenye diski ya nje inayolala nyumba nyingine. Arusi haifanywi mara ya pili ili irekodiwe upya.

Prosesa ndiyo sehemu inayokosewa sana, kwa sababu wengi huhesabu kiini na kasi tu. H.264 na H.265, kodeki za karibu kamera zote za bei ya kati, hazihifadhi kila fremu kwa ukamilifu. Huhifadhi fremu chache nzima, na zilizobaki huandikwa kama tofauti tu. Mhariri akiburuta kishale katikati ya taimulaini, kompyuta hulazimika kukokotoa fremu kadhaa za jirani ili ionyeshe moja. Ndipo bibi arusi anaganda mlangoni mwa kanisa huku sauti ya kwaya ikiendelea. Dawa yake ni sakiti maalumu ya kufungua kodeki hizo, na kwenye prosesa za Intel sakiti hiyo huitwa Quick Sync. Inakaa ndani ya kadi ya picha ya prosesa yenyewe. Hivyo Core i5-12400, yenye viini sita, inayo, lakini i5-12400F haina, maana herufi F mwishoni huonyesha kwamba kadi ya ndani imezimwa. F huuzwa bei nafuu kidogo, na kwa mchezaji wa gemu mwenye kadi yake ni ununuzi mzuri. Kwa mhariri ni hasara.

Jambo hili lina uzito zaidi kwa wenye kamera mpya zinazorekodi biti 10 za 4:2:2, yaani rangi zenye undani zaidi. Prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 11 zenye kadi ya ndani hufungua H.265 ya aina hiyo bila kutoa jasho, ilhali kadi za NVIDIA zilizotangulia mfululizo wa RTX 50 haziwezi. Kamera ikitumia H.264 ya biti 10 za 4:2:2, njia ya kuaminika ni kutengeneza nakala nyepesi, yaani proksi, na kuhariri kwa hizo.

Kadi ya picha huamuliwa na programu. DaVinci Resolve huitegemea sana, hasa katika kupaka rangi na kuondoa chenga za picha za usiku, na kwa 4K kumbukumbu ya kadi isipungue gigabaiti 8. RTX 3060 ya gigabaiti 12 inatosha vizuri. Adobe Premiere Pro hunufaika sana na Quick Sync, kwa hiyo anayeitumia anaweza kuanza na kadi ndogo. RAM iwe gigabaiti 32, kwa vijiti viwili vya 16 badala ya kimoja, ili prosesa isome vyote sambamba.

Kisha kuna stima. Kaunti ya Nakuru ndiyo yenye Olkaria, ambako umeme wa mvuke wa ardhini umezalishwa tangu 1981, lakini stima hupotea huko kama kwingineko. Tarehe 25 Agosti 2023 giza lilitanda karibu nchi nzima. Prosesa iliyotajwa hufikia wati 117 ikibanwa, kadi ya RTX 3060 wati 170, na ukijumlisha madabodi, diski, feni na skrini, mzigo wote ni karibu wati 400. Pawa saplai ya wati 550 au 650 kutoka kampuni inayojulikana inatosha. Zile zisizo na jina, zinazokuja bure ndani ya kasha, zikiungua huweza kuondoka na madabodi.

UPS, betri inayoshika mashine stima ikipotea, husomwa vibaya kwa sababu huandikwa VA badala ya wati. Nyingi za VA 1000 hubeba wati 600 tu, tena kwa dakika chache. Dakika hizo ni za kuhifadhi kazi na kuzima mashine. Anayezitumia kumalizia kutoa video ya saa mbili ataishia katikati. Pia fundi wa umeme apime kama soketi ya chumba ina waya wa ethi unaofanya kazi. Mvua za Aprili zikianza kupiga radi, plagi ichomolewe.

Jina Nakuru husemwa kuwa limetokana na neno la Kimaasai la mahali pa vumbi, na feni za kompyuta hulithibitisha kila kiangazi. Kasha liwe na vichujio vinavyotoka kwa mkono, navyo vipanguswe kila mwezi. Tena mji uko mita 1,850 hivi juu ya bahari, mahali ambapo hewa ni nyepesi kwa karibu sehemu moja kati ya sita, kwa hiyo feni ile ile hupoza kidogo kuliko Mombasa kwenye joto sawa. Feni mbili mbele na moja nyuma hufidia.

Mashine za ofisi zilizokwisha tumika, ziitwazo ex-UK, huvutia kwa bei, na kwa video za HD zinafaa. Tatizo ni kwamba nyingi hutumia pawa saplai na madabodi za umbo la kampuni yenyewe, na makasha membamba hayapokei kadi ndefu. Anayenunua vipuri vipya Nairobi, kilomita 160 hivi kutoka Nakuru, aulize kama bei imejumuisha VAT ya asilimia 16, na risiti iandikwe namba ya kila kipuri, kwa sababu kurudisha kitu kibovu ni safari ya siku nzima.

Fedha zikipungua, kipuri cha kuahirisha ni kadi ya picha: nafasi yake hubaki wazi kwenye madabodi, na kadi ya ndani ya Intel itafanya kazi hadi arusi chache zilipie kadi kubwa. UPS na diski ya nakala zinunuliwe siku ya kwanza.